Mwaka Mmoja Uliobaki: Jinsi Bayern Ilivyomwachia Toni Kroos

Tarehe 17 Julai 2014, siku nne baada ya Ujerumani kuifunga Argentina bao 1-0 na kutwaa Kombe la Dunia mjini Rio de Janeiro, kiungo Toni Kroos alitambulishwa kwa mashabiki wa Real Madrid katika uwanja wa Santiago Bernabéu akiwa ametia saini mkataba wa miaka 6. Alikuwa na umri wa miaka 24. Ada iliyotajwa na vyombo vya habari ilikuwa kati ya euro milioni 24 na 30, kiasi kidogo mno kwa mchezaji aliyeanza katika mechi zote 7 za mabingwa wapya wa dunia. Majira hayohayo Madrid ilimchukua James Rodríguez kutoka Monaco kwa fedha zinazokadiriwa kuwa karibu mara tatu ya hizo.

Bayern Munich haikuwa na shida ya fedha. Ilikuwa bingwa wa Ujerumani, mwaka mmoja tu nyuma ilikuwa bingwa wa Ulaya, na aliyeondoka alikuwa kijana iliyemlea tangu akiwa na miaka 16. Basi ilikuwaje akaachiwa kwenda kwa mpinzani mkubwa kwa bei ya kawaida? Jibu ambalo kila mtu hulitoa haraka ni kwamba hawakuafikiana juu ya mshahara. Ni jibu la kweli, lakini mshahara ni kipimo tu, na kipimo huonyesha namna mpimaji anavyokiona kitu. Maoni yangu ni kwamba Bayern ilijua vizuri kwamba Kroos ni mchezaji mzuri, ila haikuwa imejua bado kwamba yeye ni mchezaji wa aina gani, na kwa hiyo ilimpangia bei ya mchezaji mwingine.

Kroos alizaliwa tarehe 4 Januari 1990 mjini Greifswald, kwenye pwani ya Baltiki, miezi michache kabla Ujerumani Mashariki haijatoweka kwenye ramani. Katika kikosi kizima kilichobeba kombe kule Brazil, ni yeye peke yake aliyezaliwa katika nchi hiyo. Alipitia Hansa Rostock, na mwaka 2006 akahamia Munich. Mwaka uliofuata alichaguliwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililofanyika Korea Kusini, na Septemba hiyohiyo, akiwa na miaka 17, aliingia kutoka benchi dhidi ya Energie Cottbus katika mechi yake ya kwanza ya Bundesliga na kutoa pasi mbili zilizozaa mabao ya Miroslav Klose. Hata hivyo, njia ya kuingia kikosi cha kwanza ilikuwa nyembamba, na Januari 2009 alipelekwa kwa mkopo Bayer Leverkusen. Huko, hasa msimu wa 2009/10 chini ya kocha Jupp Heynckes, ndiko alikokomaa: alifunga mabao 9 ya ligi akicheza karibu na lango la wapinzani, wakati mwingine akitokea pembeni. Mabao hayo ni ya kukumbukwa, kwa sababu ndiyo yaliyomfanya arejee Munich mwaka 2010 akiwa ameshabandikwa jina la kiungo mshambuliaji, mtu wa namba 10, ambaye hesabu yake husomwa kwa mabao na pasi za mwisho.

Heynckes alipochukua tena timu ya Bayern mwaka 2011 alimtumia hivyohivyo, mara nyingi nyuma ya mshambuliaji, huku Bastian Schweinsteiger akishika dimba, yaani katikati ya uwanja. Msimu wa 2012/13 ulipofika, Bayern ilikuwa mashine iliyokamilika, na Kroos alikuwa mmoja wa watu wake wa kila wiki. Kisha likaja tukio ambalo naliona kuwa kiini cha kisa hiki, ingawa halikuhusu mkataba wala fedha.

Tarehe 2 Aprili 2013, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Juventus, Kroos aliumia msuli wa paja mapema katika kipindi cha kwanza na kutolewa. Aliyeingia badala yake alikuwa Arjen Robben, ambaye wakati huo hakuwa na uhakika wa namba. Thomas Müller akasogezwa katikati, Robben akarudi pembeni kulia, na timu ikawaka moto: Barcelona ikapigwa 4-0 mjini Munich na 3-0 kwao, na tarehe 25 Mei, kwenye fainali ya Wembley dhidi ya Borussia Dortmund, Robben akafunga bao la ushindi dakika ya 89. Wiki moja baadaye likaongezwa Kombe la Ujerumani, na Bayern ikawa klabu ya kwanza ya nchi hiyo kutwaa mataji hayo mawili pamoja na ubingwa wa ligi katika msimu mmoja. Kroos alipewa medali zake, lakini sehemu tamu ya msimu aliitazama akiwa majeruhi. Sidhani kama kuna kiongozi yeyote aliyewahi kusema waziwazi kwamba timu haikumhitaji. Hakukuwa na haja ya kusema, kwani wiki zile nane za dhahabu zilikuwa zimekwisha kujengeka katika kumbukumbu ya klabu bila yeye ndani yake, na mtu anayekuja kudai nyongeza ya mshahara baada ya karamu aliyoikosa huanza mazungumzo akiwa nyuma.

Majira hayo ya joto Pep Guardiola alikabidhiwa timu, na eneo la kiungo likajaa watu kama daladala ya jioni. Javi Martínez alikuwa amenunuliwa mwaka 2012 kwa euro milioni 40. Mario Götze alitolewa Dortmund kwa euro milioni 37. Guardiola alitaka Thiago Alcântara kutoka Barcelona na hakuficha kwamba hataki mwingine, akapewa. Schweinsteiger alikuwapo, na juu ya hayo yote kocha akagundua kwamba nahodha Philipp Lahm, beki wa pembeni kwa miaka yote, angeweza kucheza katikati kwa ustadi wa kushangaza. Katika msongamano huo Kroos alicheza mechi nyingi na kucheza vizuri. Guardiola alimpenda, na Kroos mwenyewe amesema mara kadhaa kwamba kocha huyo alitaka abaki. Lakini mezani, hesabu ya viongozi ilikuwa nyepesi: viungo wapo sita, mmoja wao anataka kulipwa kama wakubwa.

Kwa mujibu wa magazeti ya Ujerumani, Kroos na wakala wake walitaka awekwe kwenye ngazi ya juu ya mishahara, pamoja na akina Götze, Lahm na Schweinsteiger, na klabu haikuwa tayari kufika huko. Upande wa klabu mazungumzo yalikuwa mikononi mwa mwenyekiti wa bodi ya utendaji, Karl-Heinz Rummenigge, na mkurugenzi wa michezo, Matthias Sammer. Uli Hoeneß, ambaye kwa miongo mitatu alikuwa ndiye mtu wa mwisho wa kumaliza mambo kama haya, alikuwa katika kesi ya ukwepaji kodi na alijiuzulu urais wa klabu Machi 2014. Siwezi kusema kwamba angekuwapo mambo yangekwenda vingine, na kwa yale aliyokuja kuyasema baadaye kuhusu Kroos, nina shaka. Ishara za mvutano zilionekana hata uwanjani: Januari 2014, alipotolewa katika mechi ya Stuttgart, Kroos alitupa glovu zake kwa hasira, jambo lisilo la kawaida kwa mtu ambaye sura yake huwa haibadiliki hata timu inapofungwa.

Hapa inafaa kusimama kidogo kuueleza mkataba wenyewe, kwa sababu wengi hudhani kwamba mchezaji mwenye mkataba ni mali ya klabu hadi siku ya mwisho. Tangu hukumu ya kesi ya Jean-Marc Bosman ya Desemba 1995, mchezaji wa Ulaya aliyemaliza mkataba huondoka bila klabu yake kulipwa chochote, na miezi 6 kabla ya kumaliza anaruhusiwa kuafikiana na klabu nyingine. Mkataba wa Kroos ulikuwa unaisha majira ya joto ya 2015. Maana yake ni kwamba kuanzia Januari 2015 angekuwa huru kuzungumza na yeyote, na kwamba dirisha la usajili la 2014 lilikuwa nafasi ya mwisho ya Bayern kupata fedha za maana. Klabu inapofika hapo imebakiwa na njia tatu: kukubali masharti ya mchezaji, kuuza kwa bei ya mnunuzi, au kukaa naye mwaka mmoja na kumwona akiondoka bure. Bayern yenyewe ilikuwa imeonja utamu wa njia hiyo ya tatu ikiwa upande wa pili, kwani Januari 2014 ilitangaza kumchukua Robert Lewandowski kutoka Dortmund bila ada. Iliijua vyema hasara anayoipata anayeachwa. Kwa hiyo kuuza kwa euro milioni 25 au zaidi kidogo halikuwa kosa la Julai 2014. Ifikapo Julai hakukuwa na bei nyingine. Kosa, kama lipo, lilifanyika kati ya majira ya joto ya 2013 na masika ya 2014, wakati klabu ilipokuwa bado na muda na ikautumia kumpunguzia bei mchezaji ambaye thamani yake ilikuwa inapanda kila mwezi.

Inasahaulika pia kwamba Madrid haikuwa ya kwanza kufika. Kroos amesimulia kwamba alikuwa amekwisha kuelewana na Manchester United, na kwamba kocha David Moyes alisafiri kwenda kumwona. Moyes akafukuzwa kazi Aprili 2014. Louis van Gaal, aliyekuwa kocha wa Bayern Kroos aliporudi kutoka Leverkusen, akapewa kiti na kutaka muda wa kupanga mambo yake, simu zikakatika, na katikati ya Kombe la Dunia kocha wa Madrid, Carlo Ancelotti, akapiga simu yake. Ancelotti alikuwa na sababu ya kumfahamu: chini ya miezi mitatu nyuma, tarehe 29 Aprili, Madrid yake iliichapa Bayern 4-0 palepale Munich katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Kroos akiwa uwanjani katika eneo la kiungo lililoachiwa watu wawili tu dhidi ya mawimbi ya mashambulizi. Kocha mwingine angemhukumu kwa usiku ule. Ancelotti, ambaye naye alikuwa kiungo enzi zake, inaelekea aliona kitu kingine.

Kombe la Dunia lilimaliza ubishi wote isipokuwa ule wa Munich. Mpira wa adhabu wa Kroos ndio Mats Hummels aliouunganisha kwa kichwa kuitoa Ufaransa katika robo fainali. Tarehe 8 Julai mjini Belo Horizonte, kona yake ilizaa bao la kwanza la Müller, kisha yeye mwenyewe akafunga mawili ndani ya sekunde 69, na Brazil ikalala 7-1. Katika fainali alifanya kosa ambalo lingeweza kugeuza historia, pale kichwa chake cha kurudisha mpira nyuma kilipomfikia Gonzalo Higuaín akiwa peke yake na kipa. Higuaín akapiga nje. Kosa lile huwa nalitaja kwa makusudi, maana katika simulizi nyingi za kisa hiki Kroos huchorwa kama malaika aliyeuzwa na wapumbavu, na hakuwa hivyo.

Sasa tuangalie kilichotokea Munich baada ya yeye kuondoka. Ule msongamano wa viungo uliofanya aonekane wa ziada uliyeyuka katika wiki chache. Thiago alikuwa ameumia goti tangu Machi 2014 na hakurudi hadi Aprili 2015. Javi Martínez alikatika kano za goti katika mechi ya Supercup dhidi ya Dortmund, Agosti 2014. Schweinsteiger aliuanza msimu akiwa majeruhi, na Lahm aliumia kifundo cha mguu Novemba. Mwishoni mwa Agosti, Bayern ililazimika kwenda Madrid kumnunua Xabi Alonso, mwenye umri wa miaka 32, mtu ambaye kazi yake pale Bernabéu Kroos alikuwa amekuja kuirithi. Mshika dimba wa miaka 24 amekwenda kusini, na mshika dimba wa miaka 32 amekuja kaskazini. Hata mtu asiyefuatilia soka anaweza kuona nani alifaidika katika mabadilishano hayo, ingawa Alonso, kwa haki yake, alicheza Munich misimu mitatu ya heshima. Baadaye wakanunuliwa Arturo Vidal mwaka 2015, Renato Sanches mwaka 2016 na Corentin Tolisso mwaka 2017, na ada za hao watatu kwa makadirio yaliyochapishwa zinapita euro milioni 100. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bayern ilikuwa na daftari, tena lililopangwa kuliko la klabu nyingi za Ulaya, ila halikuwa na safu ya kuandikia kazi aliyokuwa akiifanya Kroos.

Kazi hiyo ilikuja kuonekana Madrid. Ancelotti alimweka chini, mbele ya mabeki, mbali na ile namba 10. Zinedine Zidane alipochukua timu Januari 2016, alimpa Casemiro jukumu la kukaba, yaani ule ukata umeme tunaousifia sana katika soka letu, na kuwaacha Kroos na Luka Modrić kulia na kushoto kwake. Kroos alikaa upande wa kushoto, na mara nyingi alishuka hadi kwenye nafasi iliyo kati ya beki wa kati na beki wa kushoto, ambako mshambuliaji wa timu pinzani hawezi kumfuata bila kufungua mlango nyuma yake. Kwa kuwa mguu wake wa nguvu ni wa kulia, kutokea pale aliuona uwanja mzima umelala mbele yake: beki wa kushoto Marcelo alipanda juu bila hofu, mpira mrefu ukavuka kwenda upande wa pili na kutua mguuni, na presha ya wapinzani ikazimwa kabla haijawa presha. Msimu baada ya msimu, zaidi ya asilimia 90 ya pasi zake zilifika. Mchezaji wa aina hii hana mabao mengi wala hesabu kubwa ya pasi za mwisho, na mchango wake mkubwa ni mambo ambayo hayakutokea, kama mpira ambao haukupotea na shambulizi la kushtukiza ambalo halikuanza. Ukimweka kwenye mizani ya kiungo mshambuliaji, kama Bayern ilivyofanya, atapungua uzito kila mara, na utaona dai lake la kulipwa sawa na Götze kuwa ni la ajabu.

Mizani hiyo haikuachwa haraka. Julai 2021, baada ya Ujerumani kutolewa na Uingereza katika Euro, yaani mashindano ya mataifa ya Ulaya, na Kroos kutangaza kuachana na timu ya taifa, Hoeneß alisema hadharani kwamba pasi za pembeni za Kroos zimepitwa na wakati na kwamba yeye hana nafasi tena katika soka la sasa. Mei 2022 Kroos akachukua Ligi ya Mabingwa yake ya tano, baada ya ile ya 2013 na Bayern na zile tatu mfululizo za 2016, 2017 na 2018.

Haki inataka upande wa pili nao usikilizwe. Bayern haikuanguka kwa kumkosa Kroos. Ilitwaa ubingwa wa ligi kila mwaka hadi 2023, na mwaka 2020 ikawa bingwa wa Ulaya mjini Lisbon ikiwa na Thiago, Leon Goretzka na Joshua Kimmich, huku Goretzka akiwa amepatikana bure kwa njia ileile ya mkataba uliokwisha. Ni kweli Madrid ya Kroos iliitoa Bayern mwaka 2017, 2018 na 2024, lakini anayesema kwamba Kroos ndiye sababu anarahisisha mno: mwaka 2017 Cristiano Ronaldo alifunga mabao 5 katika mechi mbili, mwaka 2018 kipa wa Bayern Sven Ulreich alifanya kosa la kusikitisha Bernabéu, na mwaka 2024 Joselu wa Madrid alifunga mara mbili dakika za mwisho, la kwanza likitokana na mpira uliomponyoka kipa Manuel Neuer. Vilevile hatuwezi kudhani kwamba angebaki Munich angekuwa Kroos huyuhuyu. Palikuwa na Lahm, palikuwa na Thiago, na huenda angeendelea kusogezwa huku na kule kama mtu wa kujaza nafasi. Inawezekana kabisa kwamba kuondoka ndiko kulikomfanya apate nafasi yake halisi, na katika hilo kosa la Bayern lilikuwa bahati yake.

Lakini ilikuwapo dakika moja ambayo ilitoa ushahidi wote. Tarehe 30 Aprili 2024, nusu fainali ya kwanza, uwanja wa Allianz Arena. Kroos, mwenye umri wa miaka 34, alikuwa na mpira katikati ya uwanja huku Bayern ikiwa imejipanga. Alinyoosha mkono kumwonyesha Vinícius Júnior mahali pa kukimbilia, akapiga pasi ya chini iliyopita katikati ya mabeki kana kwamba njia ilikuwa imechorwa chaki, na Vinícius akafunga. Mechi iliisha 2-2, na Madrid ikasonga mbele baada ya mchezo wa marudiano. Wiki tatu baada ya pasi ile alitangaza kwamba atastaafu baada ya Euro ya majira hayo ya joto.

Alikuwa amekwisha kurudi timu ya taifa mwezi Machi kwa ombi la kocha Julian Nagelsmann, na mechi yake ya 114 kwa Ujerumani, robo fainali ya Euro dhidi ya Hispania mjini Stuttgart tarehe 5 Julai 2024, ndiyo ikawa ya mwisho kabisa. Ila mechi yake ya mwisho ya klabu, ya 465 kwa Madrid, ilikuwa tarehe 1 Juni: fainali ya Ligi ya Mabingwa, Wembley, dhidi ya Borussia Dortmund, uwanja uleule na mpinzani yuleyule wa usiku alioukosa mwaka 2013. Dakika ya 74, hakuna aliyekuwa amefunga. Kroos aliweka mpira kwenye kibendera cha kona, akaupiga, na Dani Carvajal akauweka wavuni kwa kichwa. Vinícius akaongeza la pili. Zikiwa zimebaki dakika chache ubao ulionyesha namba 8, na Kroos akatoka polepole akipigiwa makofi, Modrić akimsubiri kwenye mstari ili aingie.